Mkuu, hayo matone usiyaweke!

Weka chini hicho kichupa kwanza. Umesema uliruka dawa miezi kadhaa, CD4 (chembe za kinga) zimeshuka, umerudishwa kwenye TLD (kidonge cha ARV chenye tenofovia ndani), na sasa jicho moja jekundu, linauma, mwanga hulitaki. Muuza duka kakupa matone ya neomaisini (antibiotiki) na deksamethasoni, nawe unauliza kama yatatosha, ununue miwani gani, na karoti zinasaidia vipi.

Deksamethasoni ni steroidi! Kama humo jichoni kuna hepesi (kirusi cha vidonda), inazima kinga kidogo iliyobaki pale na kirusi kinatanua kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Ubaya wake inadanganya: wekundu unapungua, maumivu yanatulia, unajiona umepona. Mimi yalinikuta hayohayo: nilirudi dukani kumshukuru jamaa aliyeniuzia matone kama hayo, nikanunua na kichupa cha pili. Koti jeupe, stetoskopu shingoni, kumbe ni mpwa wa mwenye duka kashikilia mpaka mjomba atoke msibani. Hakuniuliza hata kama natumia ARV. "Aleji tu hiyo, bro." Aleji kitu gani!

Daktari wa macho alinidondoshea rangi ya fluoresini, akamulika kwa taa ya buluu, kidonda kikang'aa kijani. Hepesi huanza na kidonda chembamba chenye matawi kama mti. Changu kilishapita hatua hiyo, kimekuwa kiraka kizima. Nikapewa mafuta ya asaikloviri (dawa ya kirusi hicho) ya 3%, mara 5 kwa siku, pamoja na vidonge. Kidonda kilifunga, kovu likabaki katikati ya konea, na kovu halina habari na asaikloviri. Siku hizi nikipigwa picha nageuza upande mzuri, staa wa Bongo Muvi kabisa.

Steroidi haiingii jichoni kabla jicho halijatiwa rangi na kumulikwa. Basi! Daktari mwenyewe huweza kuiandika, lakini kashaangalia, na dawa ya kirusi inaendelea.

Ukiota malengelenge ya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso au ncha ya pua, kimbia: asaikloviri 800 mg mara 5 kwa siku ianze ndani ya saa 72, na kinga ikiwa chini sana wanakulaza wakupe ya mshipani. Wakumbushe uko kwenye TLD wapime figo, maana tenofovia na asaikloviri zote zinapitia huko.

Nenda leo kliniki ya macho, hospitali ya mkoa. Kichupa kibebe ukawaonyeshe, ila kisifunguliwe njiani.