Maswali na Majibu: Ukikabidhiwa Mtoto Aliyeumizwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliopokea, au wanaojiandaa kupokea, watoto wasio wao chini ya utaratibu ambao sheria yetu ya Tanzania inauita malezi ya kambo. Jina lenyewe lina mkosi kidogo, kwa kuwa katika hadithi tulizosimuliwa utotoni mama wa kambo ndiye anayemnyima chakula mtoto wa mwenzake, ilhali hapa tunamzungumzia mtu aliyechunguzwa na kukubaliwa na ofisi ya ustawi wa jamii ili amtunze kwa muda mtoto ambaye nyumbani kwao hapakaliki. Nimefupisha maswali na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtoto.

Nimelea watoto wanne mpaka wakajitegemea. Sasa afisa ustawi ananitaka nihudhurie mafunzo kabla ya kukabidhiwa mtoto. Mtu wa umri wangu anafundishwa kulea? (Bibi wa wajukuu saba, Mbeya)

Shikamoo, mama. Uzoefu wako ni mtaji, na mkufunzi atakayeupuuza hajui kazi yake. Hata hivyo, watoto wako wanne walijua tangu siku zao za kwanza kwamba wakilia kuna mtu atakuja. Mtoto utakayeletewa huenda alilia miaka mitatu asije mtu, au aliyekuja alikuja na mkanda mkononi. Mwili wake umejifunza kwamba mtu mzima ni hatari, na somo hilo halifutiki kwa sababu tu amehamia kwenye nyumba yenye chakula na watu wema. Ndiyo maana walezi wengi hushangaa kuona mtoto anakuwa mbaya zaidi kadiri anavyopendwa: anapima kama mapenzi hayo yatavunjika, kwa kuwa yote aliyowahi kuyajua yalivunjika.

Elimu ya jambo hili ina mizizi karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazielewa ishara zake na kuziitikia ndiye anayethubutu kuondoka mapajani na kwenda kuichungulia dunia, kwa sababu anajua pa kurudi. Fikra hiyo, pamoja na kazi za Mwingereza John Bowlby, ndiyo inayobeba mafunzo ya walezi katika nchi nyingi leo.

Zaidi ya miaka arobaini baadaye, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika makao ya serikali jijini Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za kambo na wengine wakaendelea na malezi yaliyokuwapo. Waliopata familia walipiga hatua kubwa zaidi katika akili na katika uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Naomba utazame jambo moja ambalo husahaulika matokeo hayo yanaponukuliwa: familia zile ziliandaliwa, na wataalamu wa ustawi waliendelea kuzitembelea na kuzishauri muda wote. Hakuna aliyekabidhiwa mtoto kisha akaachwa peke yake.

Kwa hiyo nenda, mama. Hawatakufundisha kumwogesha mtoto wala kumpikia uji. Utajifunza kuisoma tabia yake kama ujumbe badala ya kuiona kama tusi kwako, utajifunza kujituliza wewe mwenyewe kwanza, kuishi na ndugu zake wa damu bila ugomvi, na kuandika kumbukumbu ambazo siku moja zinaweza kusomwa mahakamani.

Msichana wa miaka saba tuliyenaye huficha chakula. Chini ya godoro nimekuta maandazi yenye ukungu, ugali na mifupa ya kuku. Tunakula mara tatu kwa siku na hanyimwi kitu. Nimemwambia wizi haufai, lakini anaendelea. (Mama mlezi, Dodoma)

Neno la kwanza la kuondoa nyumbani ni hilo la wizi. Mtoto aliyewahi kulala njaa asijue kesho italeta nini anaweka akiba, kama mkulima anavyoweka ghalani, na tumbo lake haliamini ahadi yako hata kama masikio yake yamekusikia.

Mtafutie kopo lenye mfuniko, liwe lake, likae mahali anapopafikia, na ndani uweke karanga, ndizi au mkate ambao anaruhusiwa kula saa yoyote bila kuomba. (Mfuniko ni muhimu, vinginevyo mtakuwa mnalea na panya.) Kopo likipungua, lijaze bila hotuba. Saa za kula zisibadilikebadilike, na kila jioni mwonyeshe kwa macho kitakacholiwa asubuhi: huu hapa unga wa uji, haya hapa maziwa. Ukikuta chakula kilichooza kitandani, kiondoe na ubadilishe shuka kimyakimya, wala usimsimulie jirani mtoto akisikia.

Jiandae kwa miezi, si wiki. Mara nyingi mwanzoni atakula chote kilichomo mpaka augue tumbo, kisha ataanza kubakiza, na siku moja utakuta karanga zimekaa siku nne hazijaguswa. Sambamba na hayo mpeleke kituo cha afya apimwe minyoo na uzito, kwa kuwa si kila ulafi unatoka moyoni.

Mvulana wa miaka kumi na mmoja tuliyekabidhiwa hudanganya, huvunja vitu akikatazwa jambo, na juzi alimrushia mume wangu sufuria. Mume wangu anasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na bila fimbo tutamharibu. Nimjibu nini? (Mama, Tanga)

Mwambie kwanza kwamba methali yake ni nzuri ila haitaji fimbo. Inamwonya mzazi anayeogopa kumliza mtoto, na kumkatalia simu mpaka akalia kisha usiibadilishe kauli yako ni kutomchelea pia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na inasema kumrudi mtoto hakukubaliki kukizidi kiasi kwa kutazama umri, hali ya mwili na ya akili yake. Ni kweli kwamba maneno hayo hayakuifuta fimbo kabisa, na wengi hujificha hapo. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: ibara ya 29 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Lakini hata pasipo sheria, kwa mtoto huyu fimbo haifanyi kazi unayoitaka. Aliyepigwa sana huko alikotoka ataipokea kama uthibitisho kwamba ninyi ni kama wale wengine, na atapumua, kwa sababu sasa anajua aishi nanyi vipi. Nadhani hicho ndicho kitendawili kigumu kuliko vyote katika kazi hii.

Ustadi unaofundishwa ni wa nyakati tatu. Hasira inapopanda, maneno yawe machache na sauti iwe chini. Usisimame mlangoni ukamzibia njia, usimshike, waondoe watoto wengine na vitu vinavyoweza kujeruhi, na usimuulize kwa nini, maana wakati huo hata yeye hajui. Ikishapita, subiri. Mtoto aliyetoka kulipuka huhitaji muda, maji ya kunywa na mtu anayekaa karibu bila kumkodolea macho. Baadaye siku hiyohiyo, akiwa ametulia, ndipo yanakuja matokeo ya kitendo: aliyemwaga mboga husaidia kuosha sakafu na kupika nyingine, na mumeo awe pamoja naye jikoni, kwa sababu uhusiano uliopasuka ni wao wawili.

Andika pia kila tukio katika daftari: siku, saa, na hasa kilichotangulia. Baada ya wiki mbili au tatu utaanza kuona mchoro. Nakumbuka familia moja iliyogundua kwamba kijana wao hulipuka geti linapobamizwa jioni. Walilitia geti mafuta, wakakubaliana baba aite jina la mtoto kabla ya kuingia, na jioni zao zikawa nyingine. Kuhusu uongo, acha kumuuliza swali ambalo jibu lake unalo. Ukijua ameichukua shilingi elfu, sema unajua ameichukua, kisha mzungumzie kuirudisha.

Ikiwa ana jinamizi za usiku, hushtuka kupita kawaida, au hawezi kabisa kuzungumzia yaliyompata, omba rufaa ya ushauri nasaha. Kuna tiba ya mazungumzo iliyojaribiwa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, ikitolewa katika vikundi kwa wiki 12 na washauri wasio madaktari waliofunzwa kwa kazi hiyo, na walezi wakiwa na kikundi chao. Mwishoni mwa tiba dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti.

Kila akitoka kumtembelea mama yake mzazi, binti tunayemlea, wa miaka tisa, hukojoa kitandani siku tatu na haongei. Je, naweza kuyasimamisha matembezi hayo? (Mlezi, Kigoma)

Huwezi kwa uamuzi wako peke yako. Hilo ni la afisa ustawi, na mara nyingine la mahakama. Mtoto kuhuzunika baada ya kumwona mama yake haimaanishi kwamba ameumizwa huko. Mara nyingi anamlilia tu, na kunyamaza ndiyo njia pekee aliyonayo. Mwekee alama kwenye kalenda ajue siku inayofuata ya kuonana, siku anayorudi mpikie anachokipenda, usimhoji, na umtandikie mpira chini ya shuka bila maneno. Kamwe usimseme vibaya mama yake mbele yake. Ukiona michubuko, au ukisikia neno linalokutia shaka, hapo mpigie afisa siku hiyohiyo.

Usiku wa kulala mtoto aliniambia mtu mzima wa ukoo wao alikuwa akimfanyia "mambo mabaya". Nilishikwa na bumbuazi, nikamwambia tutaongea kesho. Nimekosea? (Mama mlezi, Morogoro)

Hujaharibu, mradi kesho hiyo iwe leo. Mwambie mambo matatu: umemsikia, amefanya vyema kukuambia, na kosa si lake. Usimwahidi siri, kwa kuwa hutaweza kuitunza. Mwambie kuna watu ambao kazi yao ni kumlinda na utawaeleza. Usimhoji kutaka undani, wala usimwite shangazi au mchungaji aje amsikilize naye, maana kila anaporudia anaumia upya na ushahidi unaharibika. Yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe.

Kisha nenda kwa afisa ustawi na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ikiwa hospitali ya kwenu inacho, ambako tabibu, polisi na ustawi hukutana mahali pamoja. Ikiwa jambo limetokea ndani ya saa 72, hospitali ndiyo ya kwanza, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU zina muda wake. Usimwogeshe, na nguo alizovaa usizifue. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Ukoo ukitaka kikao cha kuyamaliza nyumbani, usihudhurie.

Mafunzo haya yanapatikana wapi, na nitajuaje kama ni ya maana? Rafiki yangu wa Mombasa anasema kwao mambo ni tofauti. (Msomaji, Dar es Salaam)

Mlango ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe unaomba malezi ya kambo au kuwa miongoni mwa familia za kuaminika zinazopokea watoto kwa dharura. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2011. Kenya wanafuata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inayotambua pia kafala ya Waislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumhesabu kuwa wa kuzaa, na wana mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Mtu yeyote, hata awe na shirika lenye nembo nzuri, akikupa mtoto pasipo kupitia ofisi hiyo, au akitaka fedha ili upewe, toa taarifa.

Ubora wa mafunzo hauko sawa kila mahali, na ni haki yako kuuliza. Mimi ningeuliza kama tutafanya mazoezi, mmoja akiigiza mtoto anayekataa kwenda shule na mwingine mlezi, kwa kuwa ustadi huu haukai mwilini kwa kusikiliza mhadhara. Ningeuliza kama mlezi mkongwe wa kambo atakuwapo kusimulia siku zake mbaya, na kama mume na mke tunahudhuria wote. Zaidi ya yote ningetaka kujua nani atapokea simu saa nne za usiku mtoto akitoroka.

Mwanangu wa kuzaa ananiambia nampenda mgeni kuliko yeye. Na mimi mwenyewe nimechoka. (Mama, Arusha)

Pole, dada. Mwanao anasema kweli kwa kipimo anachokiona, yaani muda. Mtengee saa yake ya juma, mkaende sokoni au kwa bibi yake ninyi wawili tu, na isiahirishwe kwa sababu ya mwingine. Usimfanye mlinzi wa mwenzake, na umweleze mapema afanye nini akitishwa au akiguswa vibaya. Wewe nawe, mwambie afisa wako waziwazi kwamba umechoka kabla hujafika mahali pa kumrudisha mtoto kwa hasira. Omba familia nyingine iliyokwisha kukubaliwa ikae naye siku mbili tatu, iwe moja na ileile kila mara, na mtoto aelezwe siku ya kwenda na siku ya kurudi. Usimpeleke kwa jirani kimyakimya, hata awe mwema namna gani.