Jibu: Aache dawa kwa kuwa ameanza maombi?

Dada, pole sana na hali ya mdogo wako. Umeuliza kama aache dawa za sonona kwa kuwa wenzake wa maombi wamemwambia kuzimeza ni upungufu wa imani. Hapana, asiache. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hazijaleta nafuu, na kuzikatisha ghafla huweza kurudisha ugonjwa. Zikimsumbua, amwone daktari wake.

Maombi nayo asiyaache. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament, aliyelitafiti jambo hili miaka mingi, hutofautisha imani inayomshika mtu mkono na ile inayomtesa. Anayeamini Mungu yuko naye shidani, na ana watu wa kumjulia hali, mara nyingi hupata nguvu ya kuendelea. Anayeambiwa kila siku kwamba ugonjwa wake ni adhabu, mzigo humzidia. Hapo ndipo ningetazama sana, dada: akitoka ibadani anarudi ametulia, au anarudi anajilaumu?

Akianza kusema heri afe, usingoje ibada ijayo; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama yupo kiongozi wa dini anayemheshimu na asiyepinga tiba, mwombe azungumze naye. Neno lake huenda likamwingia kuliko letu sote.