Bati 24 kwa mteja, 14 kitabuni

Shangazi, nna duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, keshia ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, mwaka wa tatu huu. Juzi mteja kaja kurejesha bati lenye tundu, risiti yake inasema bati 24, nafungua kitabu nakala inasema 14. Nimepandwa na hasira, nikachukua peni nyekundu nikazizungushia duara risiti zote nnazozitilia shaka, nikatuma voisi kwenye grupu la familia. Sasa dada hasemi na mie. Nifanyeje?
— Mama Bati

Pole mwanangu, lakini ile peni nyekundu iweke chini leo leo. Najua inauma, umemchukua mtoto umemlea kazini halafu bati kumi zinayeyuka kwenye karatasi moja. Ila baina ya 24 na 14 tofauti ni tarakimu moja tu, na aliyeonekana na peni juu ya hizo risiti ni wewe. Wakili wake akiuliza nani kaigeuza hiyo 1, utasema nini?

Kitabu kifunge, tia kwenye bahasha, andika tarehe na saa, utie saini wewe na mtu mwengine asiye wa familia. Na uandike pia kwamba duara nyekundu ni zako na umezichora lini, usijaribu kuzifuta. Kabla hujakifunga itazame ile nakala kwenye mwangaza, kama maandishi ni ya kaboni au ni wino wa peni. Wino ukiwa wa peni, basi nakala imeandikwa peke yake, si pamoja na risiti ya mteja. Tazama tu, usikwangue. Risiti ya mteja omba uibakishe, yeye umpe kopi, na aandike kwa mkono wake alinunua nini, alilipa kiasi gani, na alimpa nani. Zile risiti za mashine zipige picha na kopi haraka, karatasi zile kwa joto la huku zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe kabisa, miezi tu.

Kamera ndio ya kukimbilia kuliko yote, diski ikijaa inaandika juu ya picha za zamani na wala haikuulizi. Toa siku unazozitaka, weka kwenye flashi mbili, moja usiifungue tena. Saa ya kamera ikiwa haiendi sawa usiirekebishe, andika tu ipo mbele au nyuma dakika ngapi.

Simu ya huyo mtoto usiiguse. Kama wateja walikuwa wanatuma pesa kwenye namba yake badala ya ya duka, meseji wanazo wenyewe, waombe wazihifadhi. Taarifa za namba yake wataziomba polisi, si wewe. Wala usimfungie stoo ukamuandikisha kwamba kaiba, karatasi ya namna hiyo ikifika mahkamani inakugeukia.

Halafu jiulize kweli kweli, kitabu kile nani mwengine anakishika? Neno la siri la kompyuta mnalitumia watu wangapi? Kama mko watatu, hujamkamata mtu bado, una shaka tu. Labda ni yule mpakiaji, labda ni wote wawili, labda mtoto alihesabu vibaya (bati kumi ni nyingi lakini nishaona makubwa zaidi). Hesabu stoo mbele ya shahidi, linganisha na ulichonunua, ndio umwite. Mwandikie unachomtuhumu, mpe nafasi ya kujibu, Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya mwaka 2005 haijali kama ni mtoto wa dada au wa jirani. Baada ya hapo ndio uamue polisi au wazee.

Dada yako mwendee nyumbani, mwambie hujamhukumu mwanawe, unahesabu. Na ile voisi kwenye grupu usiifute hata ukiambiwa ufute, kuifuta sasa hivi kutaonekana kama na wewe una kitu cha kuficha.