Jibu: maji ya rangi ya batiki huoza baada ya muda gani?

Dada wa Mbale ameuliza kama maji ya rangi ya batiki akiyamwaga shimoni yataoza yenyewe, maana jirani yake kamwambia "wiki mbili tu, rangi imekwisha". Mimi natia rangi vitambaa hapa Masese, Jinja, mwaka wa tisa huu, na hata mimi niliwahi kudhani rangi isiyoonekana imekwisha.

Nilijaza mapipa mawili maji ya suuza, moja la nyeusi, jingine la feruzi. Kila moja nikalitia kopo la kinyesi kibichi cha ng'ombe, nikafunika. Siku ya sita lile jeusi limekuwa kama chai nyepesi. Nikafurahi! Nikamimina kidogo kwenye beseni, nikaliacha wazi. Kufika jioni, juu ya maji pameingia uzambarau wa kahawia.

Sababu ni hii. Nyeusi, nyekundu na njano nyingi za dukani ni rangi za azo: zina nitrojeni mbili zilizoshikana, na hapo ndipo rangi inapotoka. Bakteria wanaoishi pasipo hewa, kama wale wa kinyesi cha ng'ombe, wakipata chakula hukata kiungo hicho. Rangi hupotea, lakini vipande vinavyobaki ni kemikali ziitwazo amini, na baadhi yake husababisha saratani. Ulaya ilipiga marufuku nguo zenye azo za namna hiyo mwaka 2002. Vipande hivyo vikikutana na hewa, vingine hugeuka rangi upya, kama beseni langu. Kuvimaliza ni kazi ya bakteria wengine, wanaohitaji oksijeni. Kwa hiyo shimo lililofunikwa peke yake hufanya nusu ya kazi. Mimi baada ya pipa napitisha maji kwenye mtaro mpana usio na kina, wenye mafunjo, yakae siku kadhaa.

Feruzi je? Miezi mitatu, bado ya buluu! Ile haina azo, ina shaba katikati ya molekuli yake, na bakteria hawaiwezi.

Zaidi ya yote, dada, punguza ya kumwaga. Ukishatia magadi, sehemu ya rangi hushikana na maji badala ya pamba, na hiyo haishiki kitambaa tena hata uilaze usiku kucha. Pima unga kwa uzito wa kitambaa, si kwa kijiko cha kukisia. Feruzi sasa naipaka kwa brashi tu, sichovyi, na maji yanayobaki hayajazi hata jagi.