Mzabibu kukauka mkono mmoja mmoja: kagua upogoaji wako kabla ya kulaumu mchwa

Mkuu umesema mizabibu yako ya aina ya Makutupora Red hapo Hombolo inakauka upande mmoja wakati upande wa pili unazaa vizuri tu, na dawa ya mchwa umepiga mpaka umechoka. Nalima zabibu hukuhuku Dodoma na hiyo hali naijua. Chukua msumeno, kata huo mkono uliokauka, yaani tawi kuu linalolala kwenye waya, angalia ndani. Kama ni mchwa utaona njia zake na udongo. Ukikuta sehemu ya mti imekuwa kahawia iliyoiva, ngumu, umbo kama kipande cha keki ncha ikielekea katikati, na pembeni yake mti bado mweupe wenye maji, hiyo ni kuvu ya shina, na imeingilia kwenye kidonda cha mkasi, pengine misimu mingi iliyopita maana inakaa miaka kabla hujaona majani madogo ya njano na vichipukizi vilivyodumaa.

Sasa sisi huku tuna shida yetu. Ulaya mzabibu unalala kipindi cha baridi, wanapogoa mara moja kwa mwaka. Dodoma tunavuna mara mbili, kwahiyo tunapogoa mara mbili na vidonda ni mara mbili. Na hizo mbegu za kuvu zinakaa kwenye matawi makavu, mvua ikinyesha ndo zinatoka na kusambaa kwa matone na upepo, zikikuta kidonda kibichi zimefika nyumbani.

Ndo maana nasisitiza sana hili: mikato mikubwa, yaani kutoa mkono mzima au kufupisha shina, ifanye baada ya mavuno ya Agosti na Septemba wakati ardhi imekauka kabisa na mvua bado. Ule upogoaji wa baada ya mavuno ya Machi gusa fito za mwaka tu, yaani matawi membamba ya msimu huu, vidonda vidogo, na subiri siku kavu, usikubali vibarua waingie shambani asubuhi ya mvua eti kwa sababu umeshawalipa.

Kingine ambacho vibarua wengi hawafundishwi, wanakata na kusawazisha kabisa na shina ipendeze. Mzabibu hauzibi kidonda kama mwembe, unakauka kuelekea ndani, ukikata kwa kubana ukavu unaingia mpaka kwenye njia ya maji. Acha kisiki kifupi, urefu walau sawa na unene wa tawi lenyewe. Kidonda kikubwa kipake siku hiyohiyo, rangi ya ukutani ya maji iliyochanganywa na dawa ya kuvu inafaa, ya kesho imechelewa. Na matawi uliyokata yatoe shambani uyachome, ule mtindo wa kuyarundika kwenye kona ya shamba ni kujifugia ugonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo miti yako iliyokwisha kuumwa, kupulizia majani hakusaidii maana kuvu iko ndani ya mti. Kata kushuka chini mpaka mkato uonekane msafi wote bila doa, halafu shuka tena kama sentimita 10. Ikibidi fika karibu na ardhi, ila kabla ya hapo chagua chipukizi moja zuri linalotoka chini ya ugonjwa, lifunge kwenye nguzo lipande mpaka kwenye waya, hilo ndo shina lako jipya na mizizi ya zamani italisukuma haraka kuliko mche mpya.