Kabla ya kuuliza kamera, uliza itasasishwa hadi lini

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu masasisho ya simu. Wapo wanaoyaogopa, na wapo ambao simu zao zimeacha kuyapata muda mrefu bila wenyewe kujua. Nimeongeza mawili matatu ya mambo mengine.

Simu yangu inanisumbua kila mara nisasishe. Fundi wa mtaani kwetu anasema apdeti ndizo zinazoua simu: ukikubali tu inaanza kuganda na chaji haifiki jioni. Nimsikilize nani?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Fundi wako hasemi uongo, ila ameona upande mmoja. Yeye huletewa simu zilizosumbua baada ya kusasishwa. Zilizosasishwa zikaendelea na kazi hakuna anayempelekea. Tena ana ushahidi wa kutosha: Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba toleo la 10.2.1 la iOS, mfumo wa iPhone, lilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizime ghafla. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu hawakuambiwa. Kampuni ilishusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani.

Lakini neno "apdeti" limebeba mambo matatu kwa pamoja. Kuna toleo jipya la mfumo, kama kutoka Android 15 kwenda 16. Hapo sura hubadilika, vikorombwezo huongezeka, na simu yenye RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inaweza kuelemewa kweli. Kuna masasisho ya programu mojamoja, kama WhatsApp au programu ya benki yako. Halafu kuna viraka vya usalama. Hivi havibadilishi sura wala havikupi kitu cha kuwaonyesha wenzako. Vinaziba matundu, basi. Ndivyo ninavyokusihi usiviahirishe.

Mwaka 2015 liligunduliwa tundu kwenye Android lililopewa jina la Stagefright. Mtu alihitaji namba yako tu: akikutumia ujumbe wa MMS wenye video iliyochezewa, simu iliweza kuingiliwa hata kabla hujaufungua. Ni baada ya mtikisiko huo, Agosti mwaka uleule, ndipo Google walipoanza kutoa viraka kila mwezi. Mei 2019 ikawa zamu ya WhatsApp. Simu iliyopigwa kupitia programu hiyo, hata usipoipokea, iliweza kupandikiza programu ya kijasusi kwenye simu yako. WhatsApp waliwaomba watumiaji wao wote, bilioni moja na nusu wakati ule, wasasishe mara moja. Aliyeahirisha alibaki na mlango wazi.

Kuhusu kuganda: baada ya toleo kubwa simu hupanga upya programu zote na kupitia picha zako moja moja kwa ndani. Itapata joto na kula chaji kwa siku moja au mbili. Ivumilie muda huo kabla hujaenda kwa fundi. Sasisha usiku, chaji ikiwa zaidi ya nusu, kwenye Wi-Fi ukiipata ili isimalize bando, na uache GB kadhaa wazi. Simu iliyojaa video za magrupu hadi pomoni ndiyo inayokwama katikati ya safari.

Boksi limeandikwa RAM 8GB na muuzaji aliniapia. Mbona simu yangu inaganda kuliko ya rafiki yangu yenye 6?
*Dereva bodaboda, Mwanza*

Geuza boksi usome maandishi madogo. Nadhani utakuta "4+4". Maana yake ni kwamba RAM halisi ni 4GB, na nne nyingine simu inazikopa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na nyimbo. Nafasi hiyo ni polepole sana ikilinganishwa na RAM. Fikiria fundi cherehani mwenye meza ndogo: kitambaa kisichoenea mezani anakiweka kabatini, na kila akikihitaji anainuka kukifuata. Kabati halijawa meza.

Mimi naona kuandika jumla hiyo kwa herufi kubwa mbele ya boksi ni kumpotosha mnunuzi. Kama nafasi yako ya kuhifadhi ni ndogo, ingia kwenye mipangilio uzime huo mkopo wa RAM. Huenda simu ikapumua kidogo.

Shikamoo kaka. Mama yangu yuko Tanga, anatumia iPhone 6 niliyomwachia. WhatsApp imekataa kufunguka, inasema simu haifai tena. Analia kwamba picha za wajukuu zimepotea. Je, kuna ujanja?
*Binti yake, Arusha*

Marahaba mdogo wangu. Ujanja wa kuirudisha WhatsApp kwenye simu hiyo haupo, na atakayekwambia upo anatafuta hela yako. Tangu Mei 5, 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 au zaidi, na iPhone 6 iliishia iOS 12. Upande wa Android kulikuwa na zamu kama hiyo: kuanzia Januari 2025 simu zenye toleo lililo chini ya Android 5 ziliachwa.

Sasa picha. Kwanza tazameni kwenye sehemu ya picha ya simu yenyewe, maana zilizojihifadhi zenyewe zipo palepale, hazijaondoka na WhatsApp. Mazungumzo ni habari nyingine. Kama yalikuwa yanahifadhiwa iCloud, yatarudi akipata iPhone ya baadaye na kuingia kwa akaunti ileile na namba ileile. Akihamia Android, hifadhi ya iCloud haitafunguka huko. Namba yake na magrupu atayakuta, ila maneno ya zamani hapana. Kwa hiyo kama mnaweza, mtafutieni iPhone iliyotumika lakini si ya zamani mno.

Na tafadhali, msimwekee GBWhatsApp wala programu nyingine zinazoiga WhatsApp. Hizo si za WhatsApp, hamjui nani anayasoma mnayoandika, na akaunti inaweza kufungiwa moja kwa moja.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nataka kumpelekea mdogo wangu Unguja iPhone 17. Rafiki kaniambia haina mahali pa kuweka laini. Ni kweli?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ni kweli, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. iPhone 17 zinazouzwa Oman, na pia Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain, hazina kitundu cha laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu, isiyoshikika. Marekani walianza hivyo tangu iPhone 14 mwaka 2022.

Simu itafanya kazi Unguja iwapo mtandao wa mdogo wako unatoa eSIM. Mwambie aende yeye mwenyewe dukani kwao, na kitambulisho chake, aulize kabla hujanunua. Lakini kuna jambo linalonipa wasiwasi zaidi ya hilo. Huku kwetu laini ni pochi: pesa ya simu, namba za siri za benki, kila kitu kimo. Kioo kikivunjika usiku kwenye simu ya kawaida, unachomoa kilaini chako, unakiweka kwenye kitochi na kutuma hela ya hospitali. Kwa eSIM utangoja duka lifunguliwe. Ningekuwa wewe, ningemchukulia iPhone 16 hapo hapo Muscat. Ina kitundu cha laini na eSIM, vyote viwili.

Kwa nini iPhone imeruka kutoka iOS 18 hadi 26? Nimepitwa na saba?
*Msomaji, Kigoma*

Hujapitwa na chochote. Apple waliamua mwaka 2025 kuhesabu matoleo kwa mwaka, na toleo lililotoka Septemba 2025 likapewa namba ya mwaka unaofuata. Linakubali iPhone 11 na kuendelea. XR na XS zimeachwa. Sura yake mpya ya kioo cha kimiminika inapendeza ukiitazama dukani, ila mimi juani sikuweza kusoma maandishi vizuri. Toleo la 26.1 limeleta chaguo la kukifanya kioo hicho kisionyeshe sana kilicho nyuma yake. Lichague.

Nimetumiwa faili kwa WhatsApp na mtu ninayemjua. Jina lake lilikuwa la benki yangu, likiisha na apk, na ujumbe ulisema ni apdeti ya lazima la sivyo akaunti itafungwa. Nimeliweka. Sasa nina hofu.
*Msomaji, Nairobi*

Fanya haya sasa hivi, kabla hata ya kumaliza kusoma. Zima data na Wi-Fi. Chukua simu ya mtu mwingine upigie benki yako, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waambie wasimamishe huduma. Kisha ondoa programu hiyo. Ikikataa kuondoka, futa simu yote uanze upya, na ubadilishe nywila zako ukiwa kwenye kifaa kingine.

Mafaili ya apk ni programu za Android zinazowekwa bila kupitia Play Store, na ya aina hii huomba ruhusa mbili: kusoma ujumbe mfupi na kutumia huduma za ufikivu. Ya kwanza inawapa wezi namba ya siri ya mara moja ambayo benki hukutumia. Ya pili inawawezesha kuona unachobonyeza na hata kubonyeza kwa niaba yako. Rafiki aliyekutumia huenda hajui lolote, simu yake nayo imeshatekwa. Mjulishe kwa kumpigia.

Benki haitumi apdeti kwa WhatsApp. Masasisho hutoka Play Store, au kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Google wametangaza kwamba programu za Android zitahitaji kutengenezwa na mtu aliyethibitisha utambulisho wake, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, ikiwemo Brazili na Indonesia, kisha kwingine kuanzia 2027. Mpaka hapo, ulinzi ni wewe.

Nina laki nne na nusu, nataka simu mpya. Nitazame zaidi kamera au betri?
*Mwalimu, Tabora*

Mwalimu, vitazame vyote, lakini swali la kwanza ukifika kaunta liwe hili: simu hii itapata viraka vya usalama hadi mwaka gani?

Nina sababu ya kulikazania. Miaka michache iliyopita nilimnunulia baba simu mpya, boksi halijafunguliwa. Nilitazama betri, nikatazama spika, kwa kuwa masikio yake yamepungua. Siku moja nikafungua mipangilio nikakuta kiraka chake cha mwisho kilitoka kabla hata hatujainunua. Hakikuja kingine hadi aliporudi kwenye kitochi. Kwenye simu hiyo ndimo pensheni yake ilimokuwa ikiingia. Boksi halikusema neno juu ya hilo, na mimi sikuuliza.

Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, mtengenezaji lazima aseme wazi ataihudumia simu kwa viraka hadi lini. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Juni 20, 2025, simu zinazoingizwa sokoni huko zipate masasisho kwa miaka mitano angalau, ikihesabiwa tangu siku aina hiyo ya simu inapoacha kuuzwa. Kiwanda kinachoweza kufanya hivyo kwa mnunuzi wa Berlin kinaweza kumwandikia mnunuzi wa Tabora tarehe kwenye boksi, kama inavyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa. Naomba TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na Tume ya Ushindani wadai jambo hili. Nitaendelea kuliandika.

Kwa sasa, haya ndiyo yaliyoahidiwa na kampuni zenyewe: Google Pixel 8 na Samsung Galaxy S24 kwenda mbele, miaka saba. Galaxy A16, iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwalimu, miaka sita. Galaxy A06, minne. Hesabu huanza siku simu ilipotoka, si siku uliyonunua wewe. Hivyo simu ya mtumba ya bei kubwa kutoka Dubai inaweza kuwa imebakiza mwaka mmoja.

Kabla ya kutoa hela, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa nyuma zaidi ya miezi sita, rudisha simu kaunta. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoishika.

Simu yangu inaonyesha kiraka cha 2021 na hakuna kingine kinachokuja. Niitupe?
*Fundi cherehani, Morogoro*

Usiitupe. Ondoa programu za benki, na laini yako ya pesa ihamishie kwenye kitochi. Kwenye simu hiyo baki na picha za mishono, redio na YouTube. Endelea kusasisha programu zake kupitia Play Store, kwa sababu hizo bado zinakuja hata mfumo ukiwa umeachwa. Ukiona mgongo umevimba au kioo kinainuka, usiichaji tena: hiyo ni betri, mpelekee fundi.

Na siku utakapompa mwanao, toa kwanza akaunti yako ya Google kwenye mipangilio, ndipo uifute. Ukiifuta kwanza, ikiwaka huenda ikadai nywila yako, na wengi huja kwangu wakati wameshaisahau.