Jibu: Karnataka 2023 na 2024, wapiga kura wale wale, matokeo mawili tofauti. Nilikuwepo

Wakuu, habari za jioni.

Mleta uzi ameuliza: inakuwaje jimbo la Karnataka kule India, Mei 2023 wananchi wawape chama cha Congress ushindi wa kishindo, halafu mwaka mmoja baadaye, kwenye uchaguzi wa bunge la taifa, wananchi hao hao wawape BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, na mshirika wake JD(S) viti 19 kati ya 28? Akamalizia kwa kusema lazima kuna mkono wa mtu. Nimesoma majibu yote tangu ukurasa wa kwanza na naona wengi tunajibu kwa mazoea ya nyumbani. Mimi nilisoma Bengaluru, makao makuu ya Karnataka. Nilipanga Kammanahalli kuanzia Agosti 2022 hadi Juni 2025, kwa hiyo chaguzi zote mbili zilinikuta pale. Naomba mnivumilie, jibu ni refu.

Kwanza neno "jimbo". Kwetu Tanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Hapa nikisema jimbo nina maana ya Karnataka nzima, yenye serikali yake, bunge lake la viti 224 na mkuu wa serikali ambaye Wazanzibari wa kabla ya 2010 wangemwita Waziri Kiongozi. Bunge la taifa, Lok Sabha, lina viti 543, na Karnataka inapeleka wabunge 28. Hizo ni chaguzi mbili zenye miaka yake tofauti. Mwaka 2023 walichagua serikali ya jimbo, mwaka 2024 wakachagua wabunge wa Delhi. Hakuna siku moja ya kupanga foleni na kutumbukiza karatasi za rais, mbunge na diwani kwa mpigo kama tunavyofanya sisi.

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Mimi nimekulia kwenye kampeni za mafiga matatu. Tangu utotoni nimesikia jukwaani kwamba chungu hakikai kwenye mafiga mawili, mpe rais, mpe mbunge, mpe diwani wa chama kimoja. Nilifika India nikiamini mtu ana chama chake, basi. Aliyenifungua macho ni mama aliyekuwa akitupikia kwenye hosteli yetu.

Sitamtaja jina. Sote tulimwita Akka, yaani dada mkubwa kwa Kikannada. Kwao ni kijijini wilaya ya Mandya, kama kilomita mia hivi kutoka Bengaluru kwa barabara ya Mysuru, nchi ya miwa na mpunga. Mwaka 2023 alipiga kura Congress na hakuficha. Congress walikuwa wameahidi mambo matano, wenyewe wakiyaita dhamana, na mawili yalimgusa moja kwa moja: wanawake kupanda basi za serikali za kawaida bila nauli ndani ya jimbo, na rupia 2,000 kila mwezi kwa mama anayeongoza kaya. Walipata viti 135. Siddaramaiah akawa Waziri Kiongozi, na mnamo Juni 11, 2023 basi za bure zikaanza. Nakumbuka mara ya kwanza Akka alipotuonyesha tiketi ile. Kondakta anakukatia tiketi kama kawaida, ila sehemu ya nauli imeandikwa sifuri. Aliikunja akaiweka kwenye kopo la chumvi ya mawe juu ya rafu, na ilikaa humo miezi.

Sasa sikilizeni. Ijumaa ya Aprili 26, 2024 ilikuwa siku ya kura kwa viti 14 vya kusini mwa jimbo, Mandya ikiwemo. Vingine 14 vya kaskazini vilipiga Mei 7. Alhamisi jioni Akka alituachia sufuria mbili za sambaa (mchuzi wa dengu), akaondoka kwenda kwao kupiga kura. Alisafiri kwa basi lile lile la bure lililoletwa na serikali ya Congress, akaenda kumpigia H. D. Kumaraswamy wa JD(S), aliyesimama kwa muungano na BJP. Jumapili aliporudi ana mstari wa zambarau kuanzia kwenye ukucha hadi kwenye ngozi ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. (Wino ule unatengenezwa huko huko Karnataka, mjini Mysuru, kwenye kiwanda cha serikali ya jimbo, na unauzwa hadi nje ya India.)

Nikamuuliza, Akka, mbona umewaacha waliokupa basi? Akanijibu huku anakatakata vitunguu, hata hakuinua uso: "Adu bere, idu bere." Ile ni nyingine, hii ni nyingine. Akaendelea kwa mchanganyiko wake wa Kikannada na Kiingereza cha jikoni kwamba basi amepewa na serikali ya Bengaluru na atailipa siku ya kuchagua serikali ya Bengaluru. Hii ya sasa ni ya Delhi, na Mandya inataka mtu wa kwao aende Delhi akakae kwenye baraza la mawaziri. Kumaraswamy ni wa jamii ya Vokkaliga, kama Akka, na ni mtoto wa H. D. Deve Gowda, Mkannada pekee aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa India, mwaka 1996 hadi 1997. Alishinda Mandya kwa tofauti ya kura zaidi ya 280,000, na kweli akaingia kwenye baraza la mawaziri la Modi mwezi Juni, matokeo yalipotoka.

Mkuu mleta uzi, sidhani kama Akka alihongwa au alitishwa. Aliulizwa maswali mawili kwa siku mbili tofauti, akatoa majibu mawili.

Na si jambo la 2024 tu. Wazee wa Karnataka wanakukumbusha mwaka 1984. Desemba ile, baada ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kuuawa, Congress ya mwanawe Rajiv ilizoa viti 24 kati ya 28 vya Karnataka. Waziri Kiongozi wakati huo alikuwa Ramakrishna Hegde wa chama cha Janata. Akajiuzulu, akasema kama wananchi hawanitaki waniambie wazi, akaitisha uchaguzi wa jimbo. Machi 1985, miezi mitatu tu baadaye, wapiga kura wale wale wakampa viti 139 kati ya 224. Mwaka 2013 tena Congress wakachukua jimbo kwa viti 122, na 2014 BJP wakachukua viti 17 vya Lok Sabha, Congress 9, JD(S) 2. Linganisheni na 2024: BJP 17, Congress 9, JD(S) 2. Hesabu ni ile ile kwa kila chama, baada ya miaka kumi. Nilipoigundua nilirudia kuhesabu mara mbili.

Ila kuna kitu ambacho karibu wote humu mmekiruka, nacho kwangu ndicho kizito zaidi. Mnasema Congress walipoteza kura kati ya 2023 na 2024. Hapana. Waliongeza! Mwaka 2023 walipata asilimia 42.9 ya kura, mwaka 2024 wakapata 45.4. Kilichobadilika ni upande wa pili. Mwaka 2023 BJP walisimama peke yao wakapata asilimia 36, na JD(S) peke yao wakapata 13.3. Wapinzani wawili wanagawana, wa tatu anapita katikati. Septemba 2023 JD(S) wakajiunga na muungano wa BJP. Kwenye 2024 BJP wakaweka wagombea maeneo 25, JD(S) wakaachiwa 3, kwa hiyo kila mahali Congress walikutana na mtu mmoja badala ya wawili. Jumlisha 36 na 13.3, unapata 49 na kitu, tayari wako mbele kabla hata kampeni hazijaanza. Wakaongeza kidogo kwa jina la Modi, wakafika kwenye 51 hivi kwa pamoja.

Kwa mfumo wa anayeongoza anachukua kiti, pengo la aina hiyo linatosha. Kura za Congress na BJP peke yao zilikaribiana mno, 45.4 kwa 46.1, ila viti ni 9 kwa 17. Mwenye macho ya haraka ataona wizi hapo. Mimi naona meza ya Septemba 2023 ambapo baba na mtoto wa familia ya Gowda walikubaliana na BJP.

Congress nao hawakulala. Februari 2024 Siddaramaiah na mawaziri wake walikwenda kuandamana Delhi, pale Jantar Mantar, wakidai Karnataka inalipa kodi nyingi kwa serikali kuu na inarudishiwa kiduchu. Mwaka huo jimbo lilikuwa na ukame mkali. Hata sisi Bengaluru visima vilikauka, na mwezi Machi tulikuwa tunachangishana kununua maji ya boza. Kwa hiyo wakatoa tangazo la chombu, kile chombo kidogo cha shaba cha maji, kikiwa tupu. Kwa Kikannada kumpa mtu chombu ni kumwacha mikono mitupu baada ya kumlaghai. Magazetini, ukurasa mzima, chombu kitupu: hiki ndicho Modi alichowapa. Deve Gowda, mzee wa miaka zaidi ya tisini, akajibu kwamba Modi alikipokea chombu kitupu akakigeuza kuwa chungu kisichoisha chakula, kile cha hadithi za kale za Kihindu. Nilipenda sana siasa za namna ile, za watu wanaojibizana kwa vyombo ambavyo kila mama anavyo jikoni.

Hoja ile ilifanya kazi kaskazini mashariki, ukanda mkavu unaoitwa Kalyana Karnataka. Congress walichukua viti vyote vitano: Bidar, Kalaburagi, Raichur, Koppal na Ballari. Kalaburagi ni nyumbani kwa Mallikarjun Kharge, rais wa Congress taifa, ambaye mwenyewe aliangushwa pale 2019, mwaka ambao Congress ilibaki na kiti kimoja tu jimbo zima. Kutoka kimoja hadi tisa si kushindwa kama mnavyokuza humu. Pwani, Mangaluru na kule, BJP hawakutikisika. Bengaluru mjini nako BJP walichukua vyote.

Nije kwenye wizi, maana swali hili linastahili heshima.

Kammanahalli nilikopanga iko ndani ya eneo la ubunge la Bangalore Central. Eneo moja la Lok Sabha linabeba maeneo nane ya bunge la jimbo. Siku ya kuhesabu, Juni 4, tulikuwa tumekaa sebuleni na simu, Watanzania watatu, Mkongo mmoja wa Lubumbashi na mwenye nyumba, tunafuatilia Mansoor Ali Khan wa Congress akiongoza raundi baada ya raundi. Mwishoni P. C. Mohan wa BJP akapita kwa kura 32,707. Ukitazama kwa ndani, eneo moja tu kati ya yale nane, Mahadevapura, lilimpa Mohan uongozi wa kura zaidi ya 114,000. Bila Mahadevapura, Congress walikuwa mbele kwa zaidi ya kura 80,000. Agosti 2025 Rahul Gandhi wa Congress alisimama mbele ya waandishi akadai zaidi ya kura 100,000 za Mahadevapura zilikuwa na kasoro kwenye daftari: watu waliojirudia, anwani zisizoeleweka, watu wengi kwenye nyumba moja. Tume ya Uchaguzi ikakataa madai hayo, ikamtaka ayaweke kwenye kiapo kwa maandishi.

Maoni yangu, na nayasema nikijua Mahadevapura ninayoizungumzia: ni upande wa Whitefield, kwenye makampuni ya kompyuta, magorofa yanayoota kila mwezi, watu wanaohama kila mwaka. Daftari la mahali kama pale kuwa chafu si ajabu, na kusafishwa ni lazima. Daftari chafu peke yake halinithibitishii nani alipigiwa na kura ipi. Na hata Bangalore Central ingekwenda kwa Congress, hesabu ya jimbo ingekuwa 10 kwa 18. Muungano wa Septemba ungebaki pale pale.

Kilichoniuma mimi ni mahudhurio. Mandya walijitokeza zaidi ya asilimia 81. Maeneo matatu ya Bengaluru mjini, yenye shule na barabara zote zile, yalikwenda kwenye asilimia 53 na 54. Ilikuwa sikukuu ya serikali, migahawa kadhaa ilitoa dosa (chapati za mchele) bure kwa mwenye wino kidoleni, na bado nusu ya mji ikabaki nyumbani, huku Akka akipanda basi usiku na kwenda kusimama juani.

Aliyeuliza kuhusu mashine za kupigia kura: kila chumba cha kura wakala wa chama anapewa Fomu 17C yenye idadi ya kura zilizopigwa pale, na unapobonyeza unaona kikaratasi cha uthibitisho kwa sekunde saba. Ombi la kutaka vikaratasi vyote vilinganishwe na mashine lilikataliwa na Mahakama ya Juu Aprili 26, 2024, siku ile ile Akka alipopiga kura. Vinalinganishwa vya vituo vitano kwa kila eneo la bunge la jimbo. Mimi ningependa viwe zaidi.

Matokeo ya kituo kimoja kimoja yanatolewa hadharani kwenye Fomu 20. Nimepakua ya Bangalore Central. Mwenye nia ya kukaa nayo aseme hapa chini, tuanze na Mahadevapura kituo kwa kituo.